Ua la Mlimani Kwenye Dirisha la Shangazi

Kama limekufa, nani analifungua? Shangazi Mwantumu aliniuliza swali hilo mchana mmoja wa mwezi wa tano, wiki ambayo mvua zilikatika mjini Singida na upepo mkavu ukaanza kupiga mabati ya nyumba yake. Aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza kama chumvi bado ipo. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la sebule, na mbele yake kulikuwa na glasi ya chai isiyo na maji, na ndani ya glasi kikonyo kikavu chenye ua moja jeupe, kubwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Tangu nilipofika mwezi wa pili, mvua ikinyesha karibu kila siku, ua hilo lilikuwa limejifumba kama ngumi ya mtoto mchanga. Mchana ule lilikuwa limefunguka wazi, petali zake zimetanuka mpaka zikainamia nyuma, na umanjano wa katikati unaonekana. Hakuna aliyeligusa. Halikuwa na mizizi, halikuwa na udongo, halikupewa tone la maji. Lilikuwa limechumwa juu ya Mlima Kilimanjaro miaka kadhaa kabla ya siku ile. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia na tabia ya kubishia kila kitu, na jibu sikuwa nalo.

Shangazi tumemzika mwezi uliopita, na ndiyo maana ninaandika. Nilikuja kutoka Dodoma, ninakofanya kazi, nikakuta wanawake wamejaa uani, na karibu na bomba alikuwa amechuchumaa mmoja akiosha mchele kwenye sinia kana kwamba hakuwahi kuondoka katika nyumba ile. Alikuwa Zena. Alikuwa amekuja na basi la kwanza kutoka Kiomboi, yeye na mume wake na binti yao mkubwa. Aliponiona aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akaniita wifi, tukakumbatiana tukalia. Watu wawili waliniuliza kwa sauti ya chini yule ni nani wa marehemu, nikakosa neno la kuwapa. Mkwe? Mkwe ni mke wa mtoto wako, na huyu sasa ni mke wa mtu mwingine. Jirani hakuwa. Mwishowe nilisema tu ni mtu wa nyumbani, na jibu hilo halikunitosha mimi mwenyewe. Siku zote za msiba nilijikuta narudi kwenye mwaka mmoja, ule niliokaa katika nyumba hiyo nikiwa na miaka ishirini na mitatu, tukiwa wanawake watatu na ua la mlimani.

Nilikwenda kwa sababu sikuwa na kazi. Shangazi alikuwa na duka la mafuta ya alizeti upande wa barabara, na nyuma ya duka ndiyo ilikuwa nyumba: sebule, vyumba vitatu, uani jiko na mabanda ya kuku. Kila kitu kilinuka alizeti, mapazia na mito, hata mkate. Mashudu yaliyobaki baada ya kukamua yalirundikwa kwenye viroba kando ya ukuta, na kuku walikuwa wakivitoboa mchana kutwa. Zena ndiye aliyekaa dukani na ndiye aliyepika, na mapema nilitambua kwamba sikuwa na kazi hasa ya kufanya isipokuwa kusoma magazeti ya kufungia na kuuliza maswali. Nilimwuliza Shangazi kwa nini huamini kila inachosema redio yake. Nilimwuliza kwa nini mafuta ya juma lililopita ni ghali kuliko ya leo wakati alizeti ni ileile. Aliniita Profesa. Alisema chuo kimenifundisha kila kitu isipokuwa kusugua sufuria. Mchana tulikula ugali wa mtama na mlenda aliopika Zena, mlenda wa kwao Ihanja, na Shangazi, ambaye upande wa mama yake walikuwa watu wa pwani, alikuwa akilalamika kwamba chakula hicho kinateleza tu na hakina cha kutafuna, halafu anasogeza bakuli aongezewe. Ijumaa ilikuwa zamu yake, wali wa nazi, na Zena naye hulalamika kwamba nazi inamtia usingizi, naye anaongeza. Mtu angewaona saa hizo angedhani ni mama na binti yake wasio na neno baina yao.

Kati yao alikuwa Idrisa. Alikuwa mtoto wa pekee wa Shangazi, na alikuwa amemwoa Zena kwa muda usiotimia mwaka alipokwenda Moshi kufanya kazi ya upagazi, kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro. Baada ya safari yake ya kwanza mlimani alimpa dereva wa basi kifurushi: kanga mbili, ya mama na ya mke, na katikati ya kanga, ndani ya gazeti, kikonyo hicho. Halafu alipiga simu kueleza. Alisema linaota juu ya msitu, juu hata ya pale miti inapokoma, mahali ambapo ardhi huganda barafu kila usiku na mchana jua linaunguza ngozi. Alisema majani yake yamevaa manyoya ya kijivu kama sweta, na ua lenyewe ukiligusa ni karatasi. Akasema, "Mama, hili halifi. Wenzangu wanayo nyumbani tangu wakiwa vijana, yako vilevile." Shangazi alinisimulia simu hiyo mara nyingi, na kila mara aliiga sauti yake. Mimi niliposema kwamba kuchuma maua kwenye hifadhi ni kosa, alinitazama kama mtu aliyeletewa chai yenye nzi.

Idrisa alipanda mara nyingine kadhaa. Kisha simu yake ikawa haipatikani. Mpagazi mmoja alisema Idrisa aliugua kifua huko juu akashushwa na watu wa kundi jingine, lakini hospitali walizouliza hazikuwa na mtu wa jina lake. Mwingine alisema alimwona kwenye machimbo, ametapakaa udongo mpaka kwenye nywele, wala hakutaka kusalimiwa. Shangazi alikwenda Moshi mara mbili akarudi na miguu iliyovimba. Mwaka niliofika ulikuwa wa tano tangu simu ile inyamaze. Hakukuwa na kaburi wala mtu aliyesema nilimzika. Kulikuwa na ua, na ua lilikuwa na mwenendo wake. Masika lilijifumba, na Shangazi alisema, "Kajifunika, huko aliko kuna baridi." Mvua zikikatika lilifunguka, na alisema yuko juani. Asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, swali la kwanza ndani ya nyumba lilikuwa, "Kaamkaje?" na Zena, akipita na ndoo, alitupa jicho dirishani akajibu, "Kafumba, Mama," au "Kafunguka kidogo," kama mtu anayetoa habari za mgonjwa wodini.

Zena alikuwa amenizidi miaka mitatu. Hakuwa mjane kwa sababu hakuna aliyekufa, na hakuwa mtalaka kwa sababu hakuna aliyemwacha. Alivaa bangili zake za harusi akipima mafuta dukani, na wanaume waliokuja na madumu yao walimtania kwa mipaka, kwa sababu ni mke wa mtu. Jirani yetu Mama Hamisi, aliyekaanga maandazi barazani kwake, hakuwa na mipaka. "Zena," alikuwa akiita kutoka ng'ambo ya ukuta, "bwana leo kafumba au kafunguka? Wenzako wana waume wanaokoroma, wewe wako anakunja petali." Zena alicheka. Nilimwuliza siku moja anawezaje kucheka. Alisema asipocheka Mama Hamisi atajua pa kushika. Usiku wa jana yake nilikuwa nimemsikia akizungumza na mama yake kwenye simu kwa Kinyaturu, sauti ya chini, na ingawa nilielewa maneno machache tu, kilio hakikuhitaji kutafsiriwa.

Mwezi wa saba baba yake alikuja. Mzee Jumanne alikuwa mkulima wa Ihanja, mtu mrefu aliyekunja magoti kwa shida kwenye makochi yetu ya chini. Alileta jogoo na dumu dogo la asali, na hakuwa peke yake. Alikuwa amepitia msikitini akamchukua Maalim Sefu, mwalimu wa madrasa wa mtaa wetu, awe shahidi wa mazungumzo. Mimi nilikaa kwenye ukumbi mwembamba nikijifanya nachambua mchele. Zena alikuwa jikoni, na kila sauti ilipopanda sebuleni mwiko wake ulisimama.

Walianza na mvua na bei ya alizeti, kama ilivyo heshima. Kisha Mzee Jumanne akasema, "Dada, binti yangu alikuja hapa kuolewa. Nakuuliza kwa adabu. Sasa hivi ameolewa na nani?"

"Na Idrisa," alisema Shangazi.

"Idrisa yuko wapi?"

Nilichungulia. Shangazi alielekeza kidevu dirishani. Mzee alilitazama lile ua muda mrefu, kofia yake mikononi, na kwa uso wake niliona kwamba alikuja na hasira na sasa hajui aiweke wapi.

Maalim Sefu alikohoa. Alisema yeye hawezi kumuua mtu ambaye hakumwona akifa, lakini pia hawezi kumfufua kwa ua. Alieleza kwamba kuna njia: kadhi huangalia habari za mume aliyepotea, akiridhika hutoa neno, na mke hukaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba bila mapambo, na ikiisha yuko huru kuolewa au kurudi kwao. Ila kadhi atawauliza wenye mtoto kwanza. Mama akisema mwanangu yu hai, nani atakuwa na moyo wa kumbishia? Shangazi alisubiri amalize. Kisha alisema, "Mtu hafi kwa sababu watu wamechoka kumsubiri," akainuka kuwamiminia chai. Wageni waliondoka kabla ya alasiri. Jogoo alibaki. Hakuna aliyetaka kumchinja, akawa anawika uani saa zisizo zake, na Shangazi kila akimsikia husema, "Huyo naye katumwa."

Nilikuwa na hasira kwa ajili ya Zena, na nikikumbuka vizuri, nilikuwa pia na hasira kwa ajili yangu, kwamba nimesoma miaka yote ile nikajifunza kuuliza habari imetoka wapi, nani aliiona, nani ana faida nayo, halafu nashindwa na ua ndani ya glasi ya chai. Jambo ambalo sikulikiri hata kimoyomoyo ni kwamba maswali yangu yalikata pande zote mbili. Nilimdai Shangazi ushahidi kwamba Idrisa yu hai. Ushahidi kwamba amekufa sikuwa nao pia. Nilikuwa nimechagua upande kwa sababu Zena alikuwa kijana kama mimi na alikuwa akilia kwenye simu.

Nilianza kulichunguza. Mwezi wa nane siku zilikuwa kavu kabisa na ua lilikaa wazi kutwa, lakini asubuhi za ukungu lilisinyaa kidogo, na siku Zena alipofua sebuleni kwa sababu bomba la uani lilikuwa bovu, lilijifumba nusu. Nikajua ni maji ya hewani. Jumamosi moja alasiri nilichukua glasi nikaipeleka jikoni, ambako birika lilikuwa likichemka kwenye jiko la mkaa. Nilishika kikonyo juu ya mvuke. Haikuchukua muda, petali zilianza kuinuka, taratibu, kama vidole vya mtu anayeota, zikafunga. Nikalisogeza kando, karibu na joto la mkaa bila mvuke, zikafunguka. Niliwaita wote wawili, nikarudia mbele yao.

"Mnaona?" nilisema. "Ni mvuke. Likipata unyevu linafumba, likikauka linafunguka. Halijui lolote kuhusu Idrisa."

Shangazi alitazama bila kupepesa. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Kisha alinyoosha mkono akakichukua kikonyo kutoka kwangu kwa upole sana, akakipuliza majivu.

"Kwa hiyo linasikia," alisema.

"Linasikia nini, Shangazi?"

"Maji na ukavu. Baridi na joto. Umesoma miaka yote hiyo ukaja kunithibitishia mwenyewe, ahsante. Maiti, mwanangu, hata ukiiweka juu ya birika haikunji kidole."

Zena aliutua mwiko chini, akatoka. Kesho yake Shangazi alikuwa ameshamwambia kila aliyekuja kununua mafuta kwamba binti wa kaka yake, mwenye digrii, amelipima ua kwa moto na maji na limeonekana liko hai. Mama Hamisi alikuja na sahani ya maandazi kuomba nimwonyeshe naye jinsi linavyopimwa.

Jibu la swali la Shangazi nililipata miaka mingi baadaye, Morogoro, kutoka kwa mwalimu wa mimea niliyekaa naye meza moja kwenye semina ya kazi. Nilimweleza ua lile, akalitambua kabla sijamaliza. Alisema zile ninazoziita petali ni vijani vikavu vinavyozunguka ua lenyewe, ambalo ni ile manjano ya katikati. Vijani hivyo, alisema, vimekufa tangu ua likiwa bado limesimama mlimani na mizizi yake ardhini. Vinasogea kama mlango wa mbao unavyovimba masika. Wingu likipanda, kabla ya baridi ya usiku kufika, vinanyonya unyevu na kujifunga vyenyewe, na kilicho hai ndani kinasalimika. Jua likitoka vinakauka na kufunguka, wadudu waingie. Mmea unatumia sehemu yake iliyokufa kujilinda mahali ambapo pengine usingeweza kuishi. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu miguuni. Nilipanga kumweleza Shangazi. Likizo iliyofuata nilifika Singida, nikaikuta glasi dirishani, na nikala wali wa nazi nikazungumza habari za kazi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Lakini mwaka ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nimeshindwa, na siku mbili baada ya kushindwa kwangu, Jumatatu, duka halikufunguliwa. Wateja waligonga. Nilikwenda chumbani kwa Zena nikamkuta amekaa kwenye mkeka, amejifunika shuka nyeupe isiyo na ua wala pindo la rangi, mikono haina bangili, masikio hayana herini.

"Nimekaa eda, wifi," alisema.

Nilimwuliza nani amemruhusu. Alisema, "Kwani wafiwa huomba ruhusa?"

Shangazi alikuwa ameshasimama nyuma yangu mlangoni. Aliongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kufika barabarani. Alisema Zena anamzika mwanawe akiwa hai, anataka mume mwingine, na kwamba nyumba hii imemlisha miaka yote ili aje amchimbie Idrisa kaburi sebuleni. Ng'ambo ya ukuta mafuta ya Mama Hamisi yaliacha kuchemka, au labda niliacha tu kuyasikia. Zena aliinamisha kichwa. Hakujibu neno.

Ilikuwa hivyo karibu kila siku kwa majuma mengi. Wateja walisikia, watoto wa madrasa walisikia wakipita. Shangazi alikula kiapo kwamba hatapeleka chakula chumba kile, kwa hiyo mimi ndiye niliyepeleka, na ndiye niliyefungua duka, nikajifunza kupima mafuta na kumwagikiwa. Jikoni alinikabidhi sahani akisema, "Mpelekee muuaji wako." Sahani ilikuwa imepangwa. Paja la kuku lilikuwa juu, mchuzi umewekwa pembeni kwenye bakuli dogo, na siku nilipoumwaga mchuzi juu ya ugali alinikaripia kwamba yule hapendi ugali uliolowa. Hayo niliyaona kwa macho yangu. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, sikuuliza.

Wanawake walianza kuja. Wa kwanza walikuwa mama yake Zena na dada zake kutoka Ihanja, kisha majirani, kila mtu na kilo yake ya sukari au mchele kwenye mfuko, kwa sababu mwanamke akikaa eda watu huja, hata kama hawajui vizuri wamekuja kwa msiba wa lini. Mama Hamisi alileta maandazi na hakufanya mzaha wowote, akakaa mkekani na Zena adhuhuri nzima. Kufika chumbani ilibidi wapite sebuleni, na sebuleni alikaa Shangazi kando ya dirisha lake. Waliposema, "Pole kwa msiba," aliuliza, "Msiba wa nani?" kisha aliniambia niwaletee chai. Nilimchukia kwa swali lile. Niliwaza kwamba angewafukuza ingekuwa afadhali.

Maalim Sefu alikuja, akasikiliza, akakuna ndevu. Kwa utaratibu neno la kadhi hutangulia na eda hufuata, na huyu alikuwa ameanza na mkia. Alisema atalipeleka jambo juma hilohilo ili eda iwe na mguu wa kusimamia. Shangazi aliitwa kwa kadhi. Nilifuatana naye, tukakaa kwenye benchi, na mzee aliyetupokea alimwuliza kwa upole kama anaamini mwanawe amefariki. Nilijiandaa kwa ugomvi. Shangazi alitazama mikono yake akasema, "Mwulizeni aliyekaa eda." Aliulizwa tena, akarudia yaleyale. Sikuelewa kama ni kiburi au uchovu. Neno la kadhi lilipotoka, watu walisoma khitma uani kwetu. Shangazi alipika pilau ya watu wote, tangu asubuhi, moshi machoni, na alimwambia kila aliyemsaidia kumenya vitunguu kwamba hiyo si khitma ya mtu yeyote, ni sadaka ya kumwombea msafiri. Yule jogoo wa Ihanja alichinjwa siku hiyo.

Eda iliisha mvua zikiwa zimeshika, na ua lilikuwa limejifumba tena. Mama yake Zena alikuja kumwogesha, akamvika kanga mpya, na kabla ya adhuhuri wakawa wamepanga mizigo mlangoni kungoja gari la Ihanja. Nilitegemea neno, hata la hasira. Shangazi alikuwa amewapa mgongo, anaisogeza glasi isipate matone yaliyokuwa yakipenya dirishani, na Zena alipopiga goti nyuma yake kuaga alisema tu, "Nenda salama," bila kugeuka. Mwezi uliofuata nilipata kazi Dodoma, nikaondoka.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia habari ya Zena. Niliwasimulia rafiki zangu kazini, niliwahi kuisimulia hata kwenye mkutano wa wanawake: binti wa Ihanja ambaye hakupewa uhuru akauchukua, akakaa eda peke yake katika nyumba iliyomkataa, akamshinda mama mkwe na ua lake. Niliisimulia vizuri. Watu walipiga makofi. Baadaye nilisikia ameolewa Kiomboi na fundi wa mashine za kukamulia, na nikafurahi kama mtu ambaye hoja yake imekubaliwa.

Siku ya mwisho ya msiba wa Shangazi tulikuwa tunasugua masufuria uani, Zena na mimi, na wengine wamekwenda kupumzika. Nilimwambia kwamba bado namheshimu kwa ile Jumatatu. Nilimwambia maneno niliyozoea kuwaambia watu, kwamba alisimama peke yake. Zena aliacha kusugua. Alinitazama akijaribu kuona kama natania, kisha akauliza kama kweli Mama hakuniambia, miaka yote hii. Akavuta kigoda akakaa, mikono ina povu mpaka viwikoni, akaniambia.

Asubuhi ile mimi nilikuwa bado nimelala. Shangazi aliingia chumbani kwa Zena baada ya sala ya alfajiri, akafunga mlango kwa komeo. Alikuwa na ile shuka nyeupe mkononi. Aliketi kitandani, akaushika mkono wa Zena, akazivua bangili moja baada ya nyingine kwa sabuni, kwa sababu zilikuwa zimembana. Alipomaliza alimwambia, "Kaa eda, mwanangu. Mimi mdomo wangu unakataa kusema amekufa, kwa hiyo sema wewe. Nitakugombeza mbele ya watu. Usinijibu."